Kidani Chenye Adabu

Viatu vilikuwa vipya, vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na Atupele aliingia navyo kwenye chumba cha mazoezi akikanyagia pembeni mwa nyayo. Twilumba alimwona tangu mlangoni. Alidhani ni maringo ya mtoto aliyevaa kitu kipya, akatabasamu, akamsogezea kiti kidogo karibu na jiko la umeme, maana asubuhi ile ukungu wa Njombe ulikuwa umeshuka mpaka madirishani na ng'ombe wa jirani walisikika tu bila kuonekana.

"Shikamoo, mwalimu," kikasema kidani shingoni mwa Atupele.

"Marahaba, mama. Viatu vipya hivyo? Nani kakununulia?"

Mtoto alikunja uso. Misuli ya koo ikacheza chini ya kile kibati chembamba, taa ndogo ya kijani ikawaka, na sauti nzuri ya binti wa miaka sita ikatoka: "Bibi kaninunulia. Viatu vizuri. Asante, bibi."

Twilumba aliinama kufungua kamba, kwa kuwa zoezi la kwanza lilikuwa la kutembea pekupeku kwenye mkeka. Soksi ya sufu ilikuwa imegandia kisiginoni. Alipoivuta taratibu ilitoka na ngozi, na chini yake palikuwa pekundu, pabichi, malengelenge yamepasuka yote. Mtoto alitetemeka mwili mzima. Koo likacheza kwa nguvu, taa ikawaka.

"Asante, mwalimu. Nashukuru sana."

Twilumba alibaki na soksi mkononi. Alimtazama mtoto usoni, akakitazama kidani, akarudi kwa mtoto. Machozi yalikuwa yakimtiririka Atupele kimyakimya, na shingoni mwake kile kitu kiliendelea kuwaka kijani kwa utulivu, kikingoja kuulizwa jingine.

Twilumba Mgaya alikuwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha kwa watoto, jina refu ambalo pale mjini hakuna aliyejisumbua nalo. Walimwita mwalimu, basi. Alianza kazi hiyo zamani za kadi za picha, vioo, na kupuliza unyoya mezani ili mtoto ajue pumzi yake inatoka wapi. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kungoja. Mtoto angeweza kumaliza masika nzima akitafuta herufi moja, na siku akiipata mama yake analia na mwalimu analia.

Kisha vikaja vidani. Kidani hakisomi mawazo, ingawa mtaani watu hawaambiliki kuhusu hilo. Kinasikiliza misuli midogo ya koo na ulimi, ile inayojaribu kusema hata pale maneno yanapogoma, halafu kinakisia na kutamka. Kikikisia, kinangoja. Watu wakiitikia, kinajua kimepata. Wakisema "Nini? Sijaelewa," kinajua kimekosa, kinatupa kisio hilo na kujaribu lingine. Ndivyo kinavyojifunza, kwa watu wanaomzunguka mtoto. Mtoto anapokaribia miaka saba, kidani kinafungwa: kinapachikwa chini ya ngozi, hakijifunzi tena, na hakuna wa kukichezea. Shule za kawaida zilipokea watoto wa vidani vilivyofungwa tu. Atupele alikuwa afungiwe Ijumaa, na viatu vile vilikuwa vya kwendea shule.

Twilumba alimsafisha kidonda, akakifunga. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kidani kianze kusema. Alikata kipande cha ndimu akampa mtoto alambe.

Uso wa Atupele ulijikunja wote, mabega yakampanda masikioni.

"Tamu. Asante, mwalimu."

Alichukua kipangaboi cha karatasi ambacho mtoto hakiachi, kile alichotengenezewa na baba yake anayehudumia mitambo ya upepo kule Makambako. Alikinyakua tu, bila kuomba, akakificha nyuma ya mgongo. Atupele alijirusha kwenye mkeka, akapiga miguu yote miwili, hata ule wenye kidonda.

"Chukua tu, mwalimu," kikasema kidani kwa upole. "Hakuna shida."

Twilumba alikirudisha kipangaboi haraka, akampakata mtoto, akamwomba radhi. Hakujua kama anaomba radhi kwa ile ndimu, kwa kipangaboi, au kwa miezi yote iliyopita.

*

Kilasi, fundi wa mitambo wa kituo, alikuja na mkoba wake na kikombe cha chai ambacho hakukiacha popote. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye imani kubwa na vyombo kuliko watu. Alichuchumaa mbele ya Atupele, akaunganisha kifaa chake na kidani, akasoma, akacheka.

"Dada Twi, unanitoa kwenye chai yangu kwa kitu kizima. Hiki ndicho bora kuliko vyote tulivyo navyo hapa. Kikisema, watu wanaitikia. Karibu kila mara."

"Mtoto kachubuka kisigino, kidani kinasema nashukuru sana."

"Labda anashukuru kuvuliwa kiatu."

"Nimemlambisha ndimu, kinasema tamu."

"Wapo wanaopenda ndimu. Mke wangu alipokuwa na mimba..."

"Kaka Kilasi, sitanii."

"Wala mimi sitanii. Misuli inasomeka, kisio linatoka, watu wanaitikia. Sasa hitilafu iko wapi? Niambie nikaitengeneze."

Alisema hayo huku vidole vyake, vyenye baridi ya nje, vikigeuza kibati shingoni mwa mtoto. Atupele alivuta shingo. Fundi akafuata. Mtoto akaweka viganja viwili juu ya mkono wake mnene, akausukuma, na koo likacheza.

"Shikamoo, babu," kikasema kidani.

"Marahaba," alisema Kilasi, macho kwenye kifaa.

"Marahaba," alisema Twilumba, ambaye hata hakuwa amesalimiwa yeye.

Kwenye kifaa cha Kilasi mstari mdogo ulipanda juu, ishara kwamba kidani kimepokea uthibitisho na kimeridhika. Kilasi aliutazama ule mstari. Kisha akautazama mkono wake, ambao mtoto bado alikuwa akiusukuma kwa nguvu zake zote, akauondoa polepole. Alikaa chini kwenye mkeka na kikombe chake.

"Aisee," alisema.

Wote wawili, watu wazima wenye akili zao, walirudi nyuma kulifikiria jambo lile, na walijisikia wapumbavu kwa zamu. Nani pale Njombe ataacha shikamoo ya mtoto ikae hewani? Unaweza kuwa umebeba ndoo kichwani, unaweza kuwa unagombana na jirani, unaweza kuwa umejifungia chooni. Ukisikia shikamoo ya mtoto mdomo unajibu wenyewe. Kidani kilikuwa kimewekwa kwenye shingo ya mtoto asiyesema neno, katikati ya watu kama hao. Wiki zile za mwanzo kilikisia ovyo, kama kilivyotakiwa. Kilipokisia "sitaki", watu walishtuka, wakasema eti nini, mtoto mzuri hasemi hivyo. Kikalitupa. Kilipokisia "niache", kikaulizwa kimesemaje. Kikalitupa nalo. Kilipokisia "shikamoo", nyumba nzima iliitikia kwa furaha, na majirani wakaitwa waje wasikie. "Asante" ikapigiwa makofi. "Nimeshiba" ikasifiwa. Waliokiunda, huko walikokiunda, hawakuwa wamewaza kwamba ipo nchi ambayo salamu ya mtoto haikosi jibu hata ikitoka mahali ambapo hapakuwa na salamu.

"Kwa hiyo kila anachotaka kusema," Twilumba alianza, akashindwa kumaliza.

"Si kila kitu. Hatujui. Ndiyo tabu yenyewe." Kilasi alikunywa chai iliyokwisha poa. "Naweza kukifuta chote. Dakika moja tu kinarudi kitupu. Lakini atarudi kimya, na Ijumaa itampita. Na ngoja nikuulize swali, usinikasirikie. Binti yangu alipoanza kusema ba-ba-ba, nani alisema ananiita mimi? Alikuwa anachezea midomo. Mimi nikaitika, kila mara nikaitika, mpaka ikawa kweli ananiita. Sasa hiki kimefanya nini tofauti na mimi?"

Twilumba alikuwa amesomea jambo hilo. Alikuwa akiwafundisha akina mama jambo hilohilo: mwitikie mtoto, chukulia kwamba kasema, na siku moja atasema. Atupele alikuwa amelala kwenye mkeka akipuliza kipangaboi chake, na kila pumzi ilipopita kooni kidani kilinong'ona, "Asante. Asante. Asante."

*

Sayuni, mama yake Atupele, alikuja mchana kumchukua, amejifunga kitenge juu ya sweta na mashavu yamemwiva kwa baridi. Alikuwa na haraka na furaha. Mama mkwe wake alikuwa amechinja kuku, na Jumapili mtoto angesimama mbele ya usharika, ibada ikiisha, aseme shikamoo kwa kipaza sauti.

Twilumba alimkalisha. Alimwonyesha kisigino, akamweleza juu ya ndimu, juu ya kipangaboi, na juu ya marahaba mbili zilizotoka vinywani mwao bila wao kujua. Alieleza vibaya. Alirudia mahali, akaruka mahali, akasema "sijui" mara nyingi kuliko mtaalamu anavyopaswa kusema mbele ya mzazi. Sayuni alisikiliza bila kumkatiza. Furaha ilimtoka usoni kidogokidogo.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "wewe unajua nilivyokuwa naishi kabla ya kidani?"

"Uliniambia, Mama Atu."

"Nilikuambia nusu. Mwanangu akiingia kwa watu anapita tu, hasalimii. Wewe unajua hasemi; wao wanaona hana adabu. Halafu wananigeukia mimi. Mama mkwe alikuwa anamwita 'yule mtoto wako'. Wako, mwalimu, na jina ni la ukoo wao. Leo anampakata. Anampakata na kumwimbia. Kwa shikamoo hiyohiyo unayoniambia si yake."

"Sisemi si yake. Nasema sijui kama ni yake."

"Basi kama hujui, acha."

"Alikuwa analia, Mama Atu. Damu inatoka, na kidani kinashukuru."

Sayuni alishika kile kiatu kilichokuwa sakafuni, akaingiza vidole ndani, akabonyeza kisigino kigumu. Alikirudisha chini.

"Mimi nikiwa mdogo niliambiwa sema asante kwa shangazi, na shangazi kanifinya. Nikasema asante. Wewe hukuambiwa? Sote tulisemeshwa, mwalimu. Hakuna aliyezaliwa na shikamoo mdomoni. Tulisemeshwa mpaka ikawa yetu. Mwache naye asemeshwe, iwe yake."

Twilumba aliona kwamba mama amesema kweli. Aligeuka kumtafuta Kilasi, na Kilasi akawa anakagua soketi ya ukutani ambayo haikuwa na ubaya wowote. Kama angekifuta kidani, angempokonya mtoto sauti pekee iliyowahi kumpatia bibi. Kama angekiacha kifungwe, mtoto angeweza kuugua, kuumizwa, kuguswa na mtu mbaya, na shingo yake ikashukuru maisha yake yote. Na katikati ya hayo mawili hakuwepo mtu wa kumwambia lipi kati ya maneno yale ni la Atupele na lipi ni la kwao wote.

"Tumuulize mwenyewe," alisema.

"Kwa mdomo upi?" aliuliza Sayuni, na hakuuliza kwa dhihaka.

*

Waliuliza kwa mikono, kama zamani. Twilumba alitandaza upya mkeka. Alimvua mtoto kidani, taa ikazimika, na shingo nyembamba ikabaki na alama ya duara. Kidani akakiweka mkekani upande mmoja. Upande wa pili akaweka kikapu cha kadi za picha, zilizopauka, pembe zake zimetafunwa na watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi kabla ya mashine: unaweka vitu viwili, unanyamaza, unakaa mbali, na humsaidii mtoto hata kwa jicho.

Atupele alitazama vyote viwili. Alikuwa amezoea kuombwa achague, na kwa kawaida alichagua haraka ili arudi kwenye kipangaboi. Safari hii hakuharakisha. Aligusa kikapu, akachomoa kadi ya kuku, akairudisha. Kisha akakiokota kidani.

Sayuni alishusha pumzi. "Umeona, mwalimu."

Twilumba aliona, na hakujua kama anafurahi au anaumia. Basi, alijiambia, mtoto kasema. Alikuwa anajiandaa kunyanyuka pale Atupele alipoanza kutembea. Alichechemea na mguu wake uliofungwa, akapita mbele ya mwalimu, akampanda mama yake magotini. Akavuta pembeni kola ya sweta. Kwa vidole vyake vidogo, vilivyokwisha kukizoea kitendo kile cha kila asubuhi, akakizungusha kidani kwenye shingo ya mama yake na kukibana. Kikalia *tik*. Taa ikawaka.

Fundi Kilasi aliinua mkono kuzuia, kisha akaushusha.

Sayuni alijaribu kucheka. Hakuweza. Kuna kitu kilikuwa kimemkaba tangu alipoingiza vidole kwenye kile kiatu, na sasa, mtoto akimtazama kwa karibu vile, kilipanda. Midomo yake ilifungika. Koo lake likaanza kucheza kwa kwikwi zisizotoka.

"Sijambo," ikasema sauti ya mtoto kutoka shingoni mwake. "Asante. Nimeshiba."

Sayuni alishtuka. Akatikisa kichwa, akafungua mdomo. "Sivyo, mimi..." alianza, na sauti yake mwenyewe, nzito kwa machozi, ikafunikwa na ile nyingine iliyokuwa nyororo na yenye furaha.

"Shikamoo, bibi. Viatu vizuri."

"Mara..." alisema Twilumba, akauma ulimi. Neno lilikuwa limekwisha kufika menoni. Aliliona linavyotaka kutoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiacha shikamoo ya mtu iende bila jibu.

Sayuni alikuwa analia waziwazi sasa. Kadiri alivyolia, ndivyo kidani kilivyozidi kushukuru. Kilimshukuru mwalimu, kikamshukuru bibi, kikamtakia kila mtu mchana mwema. Alikishika kwa mikono miwili akatafuta kibanio, hakukiona, vidole vikateleza. Atupele alimsogezea mkono mahali penyewe. Kikafunguka. Taa ikazimika, na chumba kikabaki na kilio cha mama peke yake, kilichosikika jinsi kilivyokuwa.

Kidani kilikuwa kimeangukia mkekani karibu na kikapu, na hakuna aliyekigusa. Twilumba hakujua Ijumaa wangefanya nini, wala mama mkwe angeambiwa nini na nani, wala kama mle ndani ya shukrani zote zile hakukuwa na hata moja ambayo mtoto aliitaka kweli. Huenda walikuwa wanapoteza na hiyo. Hakuna kifaa kingemwambia, na vitabu vyake navyo havikumwambia.

Kisha Atupele akatoa sauti. Haikuwa ile ya kidani. Ilitoka puani na kooni kwa pamoja, nzito, ya kukwaruza, isiyo na mwanzo wala mwisho unaoeleweka, na alipoitoa alimshika mama yake shavu.

Sayuni alitikisa kichwa kukubali, kwa mazoea, kama mtu aliyesikia jambo jema. Mdomo wake ulikuwa tayari umeanza kuitikia. Akajizuia. Alimfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kitenge, akamtazama machoni.

"Sijaelewa, mwanangu," alisema. "Sema tena."

Atupele akavuta pumzi, akasema tena.